Chumba cha Rebeka

Tangu Hosiana atoke hospitali, watu walikuwa wakimsifu kwa ujasiri. Hakuwa jasiri. Alikuwa tu hasikii kitu moyoni. Asubuhi aliamka, akaoga, akatembea hadi ofisini, mtaa wa Kambarage, akachora nyumba za watu, jioni akarudi kwa mama yake na kula alichopakuliwa. Ukimuuliza mboga ilikuwa nini, hakumbuki. Shangazi zake walisema Mungu amempa moyo mgumu. Mama yake peke yake ndiye aliyekuwa akimwangalia kwa pembeni wakati wa kula, anamwongezea mchuzi.

Kazini hakuyumba. Mzee Nasibu, mwenye ofisi, alisema hajawahi kupata mchora ramani anayewasikiliza wateja kama yule binti. Ni kweli aliwasikiliza. Hakuwa na la kwake la kumshughulisha. Walikuja na simu zao zimejaa picha za nyumba za Dar, nyumba za Afrika Kusini, nyumba ya shemeji aliyejenga Mwanza. Wote walitaka paa la kuficha. Wote walitaka chumba cha masta chenye kabati la ukutani na bafu la vioo. Hosiana aliwaacha wazimalize picha zao, kisha akawauliza swali lake: "Asubuhi mkiamka, nani anatangulia jikoni?" Hapo watu waliweka simu chini, wakaanza kusimulia maisha yao. Hapo ndipo nyumba yenyewe ilipoanza kuonekana.

Asubuhi hiyo mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye macho ya kucheka. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano, na alisimama katikati ya ofisi akimtazama Hosiana kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea.

"Ni wewe? Wewe ndiye uliyechora ile nyumba ya Bombambili, kule Geita? Yenye jiko linalotazama geti?"

"Ni mimi. Karibu."

"Ee Mungu wangu! Mimi nilikuwa nafikiria mzee fulani ana kitambi." Alicheka, akavuta kiti bila kusubiri. "Naitwa Nelly. Nauza mchele na maharage ya jumla pale Runzewe. Ile nyumba nilipeleka mzigo, mwenyewe akanikaribisha maji. Dada, nilishindwa kutoka. Nikamwambia, nipe mtu aliyekuchorea hii. Akasema amehamia Shinyanga, kwa mzee Nasibu. Nimekusumbukia!"

Hosiana alitabasamu. Kutabasamu bado alijua, midomo ilifanya yenyewe. "Una kiwanja tayari?"

"Ninacho, Geita hukohuko. Nilikinunua mwenyewe, kabla hata sijachumbiwa. Sasa mchumba wangu kazi yake iko Geita, mgodini, tukaona tujenge hapo. Yuko njiani anakuja, wamepita sokoni na mama yake." Nelly alisogeza kiti karibu na meza. "Nianze kabla hawajafika? Mama mkwe akiwepo sitapata nafasi ya kusema."

"Anza. Asubuhi nani anatangulia jikoni?"

"Mimi! Mimi naamka na jogoo. Kwa hiyo jiko nataka lipate jua la asubuhi. Na sitaki sebule kama ukumbi wa harusi. Ya nini? Viti vinakaa vimefunikwa vitambaa, watu wote wamejazana jikoni. Mimi nataka nikipika niwaone waliokaa, tupige soga. Nataka stoo ya kweli, nisiwe naruka magunia nikienda chooni. Gesi ndani, sawa, lakini nataka na jiko la kuni nje, liezekwe vizuri, maana maharage ya gesi mimi siyali. Na maji! Matangi ya mvua, makubwa. Geita ukitegemea bomba utaoga kwa kikombe."

Hosiana alikuwa akichora huku akisikiliza. Penseli ilikwenda haraka. Alijikuta anampenda mteja huyu. Au tuseme alijua kwamba siku nyingine, akiwa mzima, angempenda.

"Paa la kuficha?" aliuliza.

"Lile linalovuja? Hapana. Mimi nataka bati lionekane, mvua ikinyesha niisikie." Nelly alitazama mlangoni, kisha akainama, na sauti yake ikabadilika. "Dada, kuna chumba kimoja nakitaka karibu na masta. Ukuta kwa ukuta. Mtu akikohoa usiku nisikie."

"Cha mtoto?"

"Ninaye binti. Anaitwa Rebeka, ana miaka saba. Yuko kwa mama yangu Ushirombo. Baba yake alinikimbia mimba ikiwa changa." Alisema kwa haraka, kama anayemeza dawa. "Tangu nimwachishe ziwa nahangaika na biashara, naenda narudi. Sijawahi kukaa naye nyumba moja tukatulia. Hii nyumba, dada, ukiniuliza kweli, naijenga kwa sababu ya hicho chumba. Hayo mengine ni kuzunguka tu."

"Nimekuelewa."

"Lakini mama mkwe hajui kama nina mtoto. Mchumba wangu anajua, tena wanapendana. Amesema atamwambia mama yake mwenyewe, taratibu. Kwa hiyo mama akikuuliza, mwambie ni chumba cha wageni. Utanisaidia?"

"Amesema atamwambia lini?"

"Taratibu tu. Si unajua wazazi wetu."

Hosiana aliandika pembeni ya karatasi: *wageni*. Hakuuliza zaidi. Nje gari lilisimama, milango ikafungwa, na mama mmoja akasikika akilalamikia bei ya nyanya za Shinyanga.

Sauti ile aliitambua kabla mlango haujafunguliwa.

Aliingia kwanza Mama Eufrasia, kitenge kimefungwa vizuri, rozari shingoni, akichechemea kidogo kwa sababu ya magoti. Nyuma yake, ameshika mfuko wa nyanya, alikuwa Athanas.

Alikuwa amekonda. Alikuwa ameanza kufuga ndevu, na zilimpendeza. Alimwona Hosiana, mfuko ukamteleza, akaudaka. Wakatazamana. Macho yale Hosiana aliyajua yakiwa na usingizi, yakiwa na homa, yakiwa yanacheka. Sasa yalikuwa yanamwomba kitu. Alisubiri kifua kimbane. Hakikumbana. Alichokisikia ni penseli tu kati ya vidole vyake, na feni iliyokuwa ikizunguka juu.

"Huyu ndiye dada mwenyewe!" Nelly alisema kwa furaha. "Na huyu ndiye Athanas wangu. Na mama."

"Shikamoo, mama," Hosiana alisema.

Mama Eufrasia alichelewa kuitikia. Alimtazama Hosiana, akamtazama Nelly aliyekuwa akimwekea kiti, na Hosiana akaona jinsi mama yule alivyoamua. "Marahaba," alisema, akaketi.

"Habari za kazi, dada," alisema Athanas.

Dada.

"Nzuri, kaka. Karibuni."

Miaka minne walikuwa wote, Hosiana na Athanas, kule Geita. Mahari ilikuwa imeshazungumzwa. Kisha ukaja ule uvimbe, na kutokwa damu, na hospitali, na daktari aliyekaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia kwamba ili kumwokoa wamelazimika kukitoa kizazi. Athanas alikuwepo. Alimshika mkono, akalia, akamwambia hakuna kitakachobadilika. Wiki chache baadaye Mama Eufrasia alisafiri kutoka Chato na samaki waliokaushwa vizuri, akamhudumia mgonjwa, akamfulia, na siku ya kuondoka akamwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini nimezika watoto watatu. Amebaki huyu mmoja. Usiniache bila mjukuu." Hosiana alimgeukia Athanas aliyekuwa amesimama dirishani. Athanas alikuwa anatazama nje. Alisema, "Mama, haya mambo tutayazungumza taratibu."

Hayakuzungumzwa. Athanas hakumfukuza, hakugombana naye, wala hakumwambia wameachana. Alipungua tu. Simu za kila siku zikawa za Jumapili, za Jumapili zikawa salamu, salamu zikakatika. Hosiana akafungasha vitu vyake, akarudi kwao Shinyanga. Hakulia hata siku moja. Hakujua aanzie wapi.

"Tuendelee?" alisema sasa, akigeuza karatasi ili wote waione. "Dada Nelly ameshanieleza mengi. Mama, na wewe una maoni?"

"Ninayo," alisema Mama Eufrasia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hii mbona ya chini? Mwanangu yuko mgodini muda wote huu, anajenga nyumba kama ofisi ya kijiji? Mimi nilitaka ghorofa. Na nguzo mbele. Mtu akipita barabarani aulize, hapa kwa nani."

"Mama, ngazi na magoti yako?" Nelly alimshika mkono. "Tazama hapa. Hiki ni chako. Choo kiko ndani, hakuna hata kizingiti cha kujikwaa. Mlango wako wa nje unatokea kwenye bustani. Ukitaka kusali asubuhi unatoka mwenyewe, husumbui mtu."

Mama Eufrasia aliitazama ile michoro kwa muda. "Hiki changu?"

"Chako, mama."

Uso wa mama yule ulilegea. Hakuwa mtu mbaya. Hosiana aliliona hilo vizuri, na halikumsaidia kitu.

"Sawa," alisema mama. "Na wajukuu watalala wapi? Chora vitano. Watoto wasilale wawili wawili kama kuku."

Athanas alikuwa amekaa nyuma kidogo, anatazama viatu vyake. Nelly alicheka, akasema, "Mama, vitano! Mimi ni mashine?" Lakini Hosiana alikuwa ameshaanza kuandika. Swali la vyumba vya watoto alilazimika kumuuliza kila mteja, na alikuwa akiliuliza kila wiki kwa sauti ileile aliyoulizia mabomba.

"Tunaweza kuacha nafasi ya vingine, mkaongeza baadaye," alisema. "Watu wengi siku hizi wanafanya hivyo."

"Na hiki hapa?" Kidole cha Mama Eufrasia kilikuwa kimetua juu ya chumba kile cha ukuta kwa ukuta na masta. "Hiki kilichobanana na chumba chao, cha nani?"

Nelly alimtazama Hosiana. Macho yake ya kucheka yalikuwa yamekaza, yanaomba.

Hosiana angeweza kujibu. Neno lilikuwa limeandikwa pale pembeni. Angelisema, penseli ingeendelea, nyumba ingejengwa, na mtoto wa kule Ushirombo angekuwa mgeni kwa mama yake hadi awe mtu mzima. Maana Hosiana aliijua ile taratibu. Aliijua inaanzia wapi na inaishia wapi. Alimgeukia Athanas, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtaja jina lake.

"Athanas," alisema. "Mama anauliza hiki chumba ni cha nani."

Athanas aliinua uso. Akamtazama Hosiana, akamtazama mama yake, akamtazama Nelly, ambaye alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti na kumsubiri. Nelly hakuwa amepanga kumsubiri. Ilikuja tu, na uso wake wote ulikuwa wazi kama wa mtu anayetarajia zawadi.

"Cha wageni," alisema Athanas.

Lilikuwa jibu lilelile alilokuwa ameliomba Nelly mwenyewe nusu saa iliyopita. Lakini kulisikia likitoka kwenye mdomo ule, kwa wepesi ule, kulimfanya akigeuze kiti kumwelekea mama mkwe.

"Hapana," alisema Nelly. "Ni cha mwanangu."

"Mwanao gani?"

"Mwanangu Rebeka. Nina binti, mama. Ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Nilipaswa kukwambia siku ya kwanza nilipokuja Chato. Nisamehe."

Mama Eufrasia alishika rozari. "Athanas. Ulijua?"

"Mama, tulikuwa tunapanga..."

"Ulijua au hukujua?"

"Tutazungumza nyumbani, mama, hapa siyo mahali..."

"Sema ulijua," alisema Nelly. Hakupandisha sauti. "Athanas, sema tu ulijua. Umekwenda Ushirombo na mimi. Umembeba mgongoni mpaka dukani. Yule mtoto anakuita baba. Sema."

Athanas alifungua mdomo. Hosiana alimtazama, na alijikuta akimsukuma kimoyomoyo, kama mtu anayetazama mpira: sema, sema sasa. Athanas aliufunga mdomo. Akainamisha kichwa.

Mama Eufrasia alisimama, akishikilia meza. Hasira yake haikwenda kwa mwanawe. Ilimpita Nelly, ikamfikia Hosiana.

"Ni wewe," alisema. "Ulikuwa unaisubiri siku hii. Mwanamke aliyekosa watoto ndiye atachora vyumba vya watoto wa wenzake? Mkono huo utaleta nini kwenye nyumba yetu?"

"Mama!" Nelly alishtuka. "Unamfahamu?"

"Muulize mwenyewe."

Nelly alimgeukia Hosiana. Na Hosiana akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya dirisha. "Nilikuwa mchumba wa Athanas. Niliugua, nikafanyiwa upasuaji, kizazi kikatolewa. Mama akaomba mjukuu. Athanas akasema atazungumza naye taratibu. Sikujua kama mchumba wako ni yeye mpaka alipoingia mlangoni. Pole, dada."

Nelly aliziba mdomo kwa kiganja. Akatoka kwa mlango wa nyuma, kwenye ua, na wakamsikia akifungua bomba la maji. Mama Eufrasia alitoka kwa mlango wa mbele. Mlango wa gari ukabamizwa.

Wakabaki wawili.

"Hosi," alisema Athanas. Alikuwa analia. Alilia vizuri siku zote, bila aibu, na zamani hilo lilikuwa moja ya mambo ambayo Hosiana alimpendea. "Hosi, sijui nikwambie nini."

"Usiniambie kitu. Kamwambie mama yako."

"Sijaacha kukupenda. Kila siku nilitaka kukupigia. Nashika simu, naiweka. Unafikiri nilikuwa nalala?"

"Sijui. Sikuwa nafikiri."

"Unanichukia."

"Hapana." Alijichunguza kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mifukoni. "Sikuchukii. Sina kitu, Athanas. Nimekutazama ukiingia hapo, nikasubiri, hakuna kilichokuja. Siku ile, mama yako alipozungumza na mimi, wewe ulikuwa dirishani. Sikutaka umshinde. Sikutaka hata ugombane naye. Nilitaka nikusikie tu ukisema, mama, huyu ndiye ninayemtaka. Angekataa, sawa. Tungeachana, sawa. Lakini ningekuwa nimesikia."

"Nilikuwa na hofu. Yeye hana mtu mwingine."

"Najua. Na mimi nilikuwa kitandani."

Athanas alipiga hatua, akanyoosha mkono juu ya meza. Vidole vyake vilisimama karibu kabisa na vya Hosiana. "Sema neno moja," alisema. "Nitarudi. Safari hii nitasema, nakuapia. Nitakwenda pale nje sasa hivi."

Hosiana alivitazama vidole vile. "Huyo aliyeko uani ndiye unayepaswa kumsemea leo," alisema. "Mimi zamu yangu ilipita. Nenda kamshike mkono, mtoke naye kwa mlango wa mbele, mama yako akiona. Ukifanya hivyo nitakuheshimu mpaka nakufa."

Alimaanisha. Athanas aliitazama njia ya kwenda uani. Akajifuta uso kwa kiwiko, akavuta pumzi, akapiga hatua kuielekea.

Nje, honi ililia. Mara moja, ndefu.

Athanas alisimama.

"Ngoja kwanza nimtulize mama," alisema. "Presha yake siyo nzuri. Mwambie Nelly nakuja. Dakika mbili tu."

Hosiana alimsikia akitoka, akasikia mazungumzo ya chini kwa chini, kisha buti la gari likafunguliwa na kufungwa. Kisha gari likaondoka.

Nelly aliporudi, uso umelowa na ukingo wa gauni pia, aliangalia viti vitupu. "Yuko wapi?"

"Ametoka kumtuliza mama yake."

Nelly alikwenda mlangoni. Alisimama hapo akitazama barabara, halafu akatazama chini. Begi lake la safari lilikuwa limewekwa kwenye kibaraza, limesimamishwa vizuri ukutani mahali pasipo na jua, na kanga yake imekunjwa juu yake.

"Amenishushia begi," alisema. Akarudia, polepole, "Alipata muda wa kunikunjia kanga."

Akaketi kizingitini. Hosiana alikwenda akaketi karibu naye. Watu walipita, fundi wa jirani alikuwa akichomelea geti.

"Ulimuuliza makusudi," alisema Nelly mwishowe.

"Ndiyo."

"Ili aumbuke?"

"Ili aseme." Hosiana alitafuta maneno. Ilikuwa siku nyingi hajatafuta maneno kwa ajili ya kitu chake mwenyewe. "Nakuapia, nilitaka aseme. Na nilikuwa naogopa asije akasema. Maana angesema kwa ajili yako, ningejua alikuwa anaweza, ila kwa ajili yangu hakutaka. Hakusema. Sasa najua hawezi."

"Na hiyo ni nafuu?"

"Sijui. Bado haijafika."

Nelly alicheka kidogo, kicheko kibovu kilichochanganyika na kamasi. Akajifuta na ile kanga. "Mimi nilimwambia nitamsubiri mpaka mtoto aingie shule. Akaingia shule. Nikasema mpaka likizo. Ningesubiri mpaka aolewe." Alisimama, akajikung'uta. "Ile ramani usiichane, dada. Kiwanja ni changu, jina langu."

"Nitaimaliza."

"Na chumba cha mama mkwe kiache vilevile. Mama yangu naye magoti yanamsumbua."

Hosiana alimsindikiza stendi, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa begi. Njiani Nelly alimpigia simu mama yake, akamwambia anakuja leo, asimlaze mtoto mapema. Hakueleza zaidi. Stendi gari la Kahama lilikuwa linamalizia kujaza. Kutoka huko angepata la Ushirombo kabla jua halijazama. Walikumbatiana mlangoni mwa basi, wanawake wawili ambao asubuhi hawakuwa wakijuana, na Nelly akamng'ang'ania kuliko Hosiana alivyotegemea. Alinukia sabuni ya ofisini.

"Wewe una mtu wa kukushika?" Nelly alimnong'oneza.

"Nina mama yangu."

"Basi kamwambie. Usikae hivyo. Ulipokuwa unanieleza habari zako pale mezani, nilitaka kupiga kelele kwa niaba yako."

Kondakta akapiga ubavu wa basi. Nelly akapanda. Basi lilirudi nyuma, likageuka, likatoka, mkono wa gauni la njano ukipunga dirishani.

Hosiana aligeuka kurudi ofisini. Alifika penye wanawake wanaouza viazi vya kuchemsha, na hapo akasimama. Halikuwa wazo lililomsimamisha, wala kumbukumbu. Kilichomsimamisha kilianzia tumboni, chini, palipo na kovu, kikapanda. Alishika nguzo ya taa. Akasikia sauti inatoka, nzito, mbaya, na ilimchukua muda kujua kwamba ni yake. Watu waligeuka. Hakuweza kuinyamazisha. Alilia akiwa ameinama, mkono mmoja tumboni, mate na machozi yakidondoka vumbini, kama ambavyo hakulia hospitali, wala Geita, wala kitandani kwa mama yake.

Mama mmoja muuza viazi aliacha beseni lake, akaja akamshika kiuno, akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Alikuwa mzee, mikono mikavu, Kiswahili chake kimejaa Kisukuma. Alijimwagia maji kiganjani, akampangusa uso kama mtoto.

"Pole, mayu, pole mama," alisema. "Umefiwa?"

Hosiana aliitikia kwa kichwa.

"Pole sana. Lini?"

Hosiana alivuta pumzi. Ikaingia hadi chini kabisa, na ikauma.

"Mwaka jana," alisema. "Lakini habari nimezipata leo."

Yule mama hakuona ajabu. Aliketi chini, kwenye vumbi, kando ya kigoda, akamwekea mkono gotini. "Basi lia," alisema. "Viazi vyangu havina haraka."